Nyimbo za gita za Katanga: tuzisikie wakati wenyewe wangali wapo



Mwaka uliopita nilikuwa mu kilio cha mzee mmoja jirani yangu, kule Katuba. Tulikaa karibu na moto, sisi watu wa mutuelle, kama tunavyofanya siku zote. Tulikuwa tumeleta mchango: makuta ya sanduku, unga wa bukari, makala, sukari ya chai. Marehemu alikuwa mpiga gita. Hakuwa mtu wa orkestra wala wa kupanda jukwaani. Alikuwa fundi wa mashine wa Gécamines, aliyejifunza gita akiwa kijana kule Likasi, na jioni aliipiga mbele ya mlango wake kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada.

Usiku ule vijana walileta baffle kubwa, wakaweka nyimbo za dini kutoka kwenye telefone. Karibu saa saba ya usiku courant ikakatika. Watu wakanyamaza. Mtoto wake wa kwanza akasema, "Saa hii njo Baba alikuwa anachukuwaka gita." Hakuna aliyejibu. Gita yenyewe ilikuwa juu ya kabati, imebakia na nyuzi tatu. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini pale, watoto, wajukuu, majirani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuipiga.

Mimi miaka minne nilikuwa napita mbele ya mlango ule nikitoka kazini. Mara nyingi nilijiambia: siku ya Mungu moja nitakuja na telefone, nitaomba ruhusa, nitakamata sauti yake. Sikuja. Kila mara kulikuwa na kitu kingine. Njo sababu naandika haya, ili nieleze muziki huu ulitoka wapi, ulikwenda wapi, na kwa nini sisi tuliorudi tuna deni nao zaidi ya wengine.

Lubumbashi ilianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa miaka minne mbele, 1906, na ilihitaji mikono. Watu walichukuliwa kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ikabadilisha siasa yake, ikataka mfanyakazi aje na bibi yake, azae watoto kambini, asirudi kijijini. Hapo njo Kiswahili chetu kilipopata mizizi. Mtoto wa Muluba na mtoto wa Mubemba walicheza pamoja mu kampi, na lugha yao ya kutukanana na ya kuimba ikawa hii hii tunayosema leo, ile ambayo watu wa pwani wanaicheka.

Gita ilikuja na mshahara. Ilikuwa kitu cha kununua, kama baiskeli na kama cherehani. Lakini vidole vilivyoikamata vilikuwa vimeshajua kazi nyingine. Mtu aliyekuwa anapiga likembe kijijini, vidole gumba viwili vikijibizana, alipokamata gita hakuipiga kama Mzungu anayekwangua nyuzi zote mara moja. Alizitenganisha. Kidole gumba kilishika mwendo wa chini, kidole cha shahada kilicheza wimbo juu, na mdomo ukaimba kitu cha tatu. Mtu asiyeona anafikiri wako watu wawili. Pembeni mwenzake aligonga chupa, na ngoma ikawa imekamilika. Hawakuhitaji courant.

Jina kubwa la muziki huu ni Mwenda Jean-Bosco, aliyejiita Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930, na asili yake ni Bunkeya, mji wa Msiri. Wasomaji wetu wanajua kwamba Msiri mwenyewe alikuwa mtu aliyekuja: watu wake walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe, wakabakia na kutawala, hadi Msiri alipouawa mwezi wa Desemba 1891. Basi hata huyu tunayemwita mzizi wa muziki wa Katanga alitoka kwenye ukoo wa wageni. Naliweka hili hapa kwa ajili ya wale wanaotuuliza bado, "Ninyi mulitoka wapi?"

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyeishi Afrika Kusini, alikuwa akizunguka na mitambo yake ya kukamata sauti. Kule Jadotville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Likasi, alimkuta kijana akipiga gita barabarani. Kijana alikuwa Mwenda, umri wake miaka 22. Tracey akakamata nyimbo zake, na mmoja kati yao, "Masanga", mwaka huohuo ulipata zawadi ya kwanza ya Osborn, iliyokuwa ikitolewa kwa muziki wa Afrika. Disiki zikatoka Afrika Kusini zikapanda juu: Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika, Kenya, Uganda. Wapiga gita wa magharibi ya Kenya walikaa mbele ya gramafoni wakijaribu kufuata vidole vya mtu ambaye hawajapata kumwona. Mwenda na ndugu yake Edouard Masengo wakaitwa Nairobi, wakaimba redioni, wakaimba hata matangazo ya biashara. Kwa sehemu kubwa waliimba Kiswahili hiki chetu cha migodi, na watu wa kule walikielewa vizuri.

Hapa kwetu, wakati uleule, mu commune Kenya (wafadhili wetu wasichanganye: Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, si nchi) kulikuwa na kundi la JECOKE, maana yake Jeunes Comiques de la Kenya. Walicheza, waliimba, walichekesha watu. Wazee wa Kamalondo wakisikia jina hilo hata leo wanaanza kutikisa mabega bila kujua.

Baadaye nyimbo zikahama, kama sisi. Nasema hivi bila kutia chumvi. Baba Gaston, ambaye jina lake ni Ilunga wa Ilunga, alitoka Lubumbashi na kundi lake la Baba National, akaingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, halafu Nairobi. Kutoka kwake wakazaliwa Les Mangelepa, mwaka 1976. Super Vox ya Mutonkole Longwa Didos ikafika Nairobi mwaka 1974, ikajiita Super Mazembe. Watoto wa Nairobi na Dar es Salaam wamekua na muziki huo wakifikiri ni wao, na kweli umekuwa wao. Wengi wa wanamuziki hao walizeeka kule, wengine wakazikwa kule. Hawakuwa na mutuelle ya kuwarudisha.

Mwenda yeye alirudi. Mwaka 1969 alikuwa ameitwa hadi Marekani, kwenye tamasha la Newport, akapiga mbele ya umati wa watu. Angeweza kubakia huko au Nairobi. Alirudi Katanga, akaendelea na maisha. Na hapa njo kuna kitu kinachoniumiza kidogo: mji wake ulikuwa umeshageuka upande mwingine. Gita za courant za Kinshasa zilikuwa zimejaza kila baa, Kilingala kilikuwa lugha ya kisasa, na gita ya vidole viwili ikawa muziki wa baba zetu, kitu cha kuchekwa kidogo. Hakuna aliyeikataza. Watu waliacha tu kukaa mbele ya mlango kusikiliza.

Mwaka 1979 mpiga gita mmoja kutoka Uingereza, John Low, alikuja hapa. Mkoa uliitwa Shaba wakati ule, na vita vilikuwa vimepita juzi juzi, 1977 na 1978. Wengi wa wanachama wetu wazee walikimbia mara ya kwanza miaka hiyo hiyo. Low hakuja kwa shaba wala kwa siasa. Alikuwa amesikia disiki za miaka ya 1950, akataka kuona vidole. Alikaa na Mwenda, na Masengo, na Losta Abelo, akajifunza nyimbo kutoka mikononi mwao, akaandika kitabu kilichotoka Vienna mwaka 1982, "Shaba Diary". Nawaza sana juu ya mtu huyu. Alikuwa na disiki zote nyumbani kwake, lakini aliona hazitoshi, akapanda ndege kuja kukaa kwenye kiti mbele ya mzee. Sisi tulikuwa tunakaa mitaa miwili kutoka kwa mzee huyo, na hatukwenda.

Mwenda alikufa tarehe 22 Septemba 1990, kwa ajali ya gari, Zambia. Mwezi huohuo mgodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi. Sitaki kufanya mambo mawili yawe moja, lakini mtu wa Gécamines akikumbuka mwaka ule anakumbuka yote mawili. Baada ya Kamoto kampuni ilianguka. Mishahara ilichelewa miezi, halafu ikakatika. Mu 1992 na 1993 familia za Wakasai zilifukuzwa, zikalala kwenye kituo cha treni cha Likasi zikingoja mabehewa. Wengine wao wamerudi, na ni wanachama wetu leo. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondolewa Gécamines kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Marehemu jirani yangu alikuwa mmoja wao. Alipenda kusema kwamba hiari hiyo alikuwa bado anaitafuta.

Kazi ilipokwisha, kampi zilipoteza pia jioni zake. Mtu mwenye njaa anauza gita kabla ya kuuza kitanda. Vijana walikwenda kuchimba wenyewe kwa mikono, na wanaporudi usiku hawana nguvu ya kujifunza kitu chenye kuhitaji miaka mitatu.

Sasa nije kwetu tuliorudi. Wengi wetu tulikimbilia Zambia, kwenye kambi za Kala na Mwange, tukarudi kuanzia mwaka 2007, wengine kwa meli hadi Moba, wengine kwa kamyo kupitia Pweto. Mu mizigo yetu tuliandika masufuria, matandiko, mabati. Hakuna aliyeandika nyimbo. Lakini zilikuwemo. Kule Kala nilimwona mzee akipiga gita aliyoitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya msaada, lile la mraba lenye maandiko ya Marekani. Nyuzi zilitoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Alipiga "Masanga" nzima. Watoto waliozaliwa kambini walijifunza kwake wimbo wa Jadotville bila kujua Jadotville ni nini.

Na kuna mama mmoja, mwanachama wetu wa Ruashi, ambaye anaimba nyimbo za arusi alizofundishwa na mama yake mu kampi ya Union Minière, Kibemba na Kiswahili vimechanganywa, maneno mengine siwezi kuyaandika mu gazeti hili. Aliziimba miaka yote ya ukimbizi ili wasichana wa kambini waolewe kwa heshima. Aliporudi Lubumbashi, akaenda kwenye arusi ya mtoto wa dada yake, akaanzisha wimbo. Wanawake wa mji wakamtazama. Hawakuujua. Aliniambia: "Yaya, mi nilizania bao njo banautunza, na bao banazania umekufa. Kumbe ulikuwa na mie ku Zambia." Wenye mji walikuwa wamesahau, na wenye kukimbia walikuwa wameutunza. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba tumerudi mikono mitupu, si kweli.

Mtu anaweza kusema: kuna hatari gani, mbona disiki zipo? Ni kweli, zipo. Sauti alizokamata Tracey zimetunzwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, iliyo sasa mji wa Makhanda ambao zamani uliitwa Grahamstown. Hapa kwetu walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na watu wa Musée, walianza miaka ya 2000 kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji, na kazi yao ni kubwa. Wasomi wa Ulaya waliandika "Masanga" kwa noti, kipande kwa kipande. Lakini disiki ya zamani inabeba dakika tatu tu. Wimbo ambao mzee anaupiga nusu saa, akimtaja kila anayepita, akimdai mtu deni lake mbele ya watu, ulikatwa ili uingie mu dakika tatu. Na noti haionyeshi namna ya kufunga nyuzi. Marehemu alikuwa na namna mbili za kufunga, na moja aliiita kwa jina la mwalimu wake. Jina hilo nililisikia mara moja nikalipoteza.

Kwa kanisa nitasema machache, ingawa linastahili makala yake. Joseph Kiwele, mwalimu na mtungaji aliyezaliwa 1912 na kufa 1961, aliandika "Misa ya Katanga", na kundi la watoto waimbaji wa Croix de Cuivre liliundwa hapa mjini mwaka 1937 na padri Mbenedikto, Anschaire Lamoral. Kamina nayo ilitoa "Missa Luba", na waimbaji wake wakaenda hadi maonyesho ya Bruxelles ya mwaka 1958. Kama mu familia yako kuna muzee aliyeimba akiwa mtoto mu makundi hayo, umri wake leo umepita miaka 70. Muulize sehemu yake ilikuwa ipi. Wengi bado wanaiweza, sauti imeshuka tu.

Nije kwenye jambo ambalo nimelileta pia mbele ya kamati. Mutuelle yetu inatoa makuta ya sanduku. Ni vizuri, tulijiwekea sheria hiyo wenyewe, na hakuna mwanachama wetu aliyezikwa kwa aibu. Lakini kwa huyu mzee tulitoa makuta ya sanduku na hatukuwahi kutoa makuta ya nyuzi. Seti moja ya nyuzi bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na misumari ya jeneza. Kamati iliniuliza: nani atapiga? Nikajibu, tukianza na nyuzi tutajua.

Basi tumeanza kidogo. Wanachama wanne, kila mmoja na telefone yake, tumepita Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Hadi leo tumepata wazee sita wanaopiga kwa vidole viwili, na mama watatu waimbaji. Mmoja wa wazee hao mkono wake wa kushoto umepooza, lakini anamwelekeza mjukuu: weka hapa, toa, hapana, rudia. Mjukuu ana miaka 14. Amefika nusu ya wimbo mmoja.

Tumejifunza mambo kadhaa kwa kukosea. Usifike na telefone mkononi. Mzee atafikiri unakwenda kumuuza. Kaa kwanza, kunywa munkoyo, uulize alijifunza kwa nani. Wapiga gita wote wanapenda kuongea juu ya mwalimu wao, hata kama ni kwa kumsema vibaya. Halafu kamata sauti bila kusimamisha, hata anapokohoa, hata anapogombana na bibi yake juu ya maneno ya wimbo, maana mara nyingi bibi njo anayejua maneno. Elekeza kamera mikononi. Sura yake wajukuu wataikumbuka. Umwombe afunge nyuzi upya mbele yako. Na kila kitu kitolewe nakala mbili, moja ibakie kwa familia. Hatutaki tena sauti zetu zikae nchi nyingine wakati wenye sauti hawana.

Wafadhili wetu wapenzi, mmetuuliza kwa barua kama tunahitaji studio. Asanteni, hapana. Studio inataka courant, na wazee hawapandi ngazi. Tunahitaji nyuzi za gita, kadi za kuhifadhia sauti, na makuta ya taksi ya kumfikisha mzee wa Ruashi kwa mzee wa Katuba. Wale wawili walipiga pamoja Likasi kabla ya uhuru. Hawajaonana tangu vita, na kila mmoja alifikiri mwenzake ameshakufa. Tuliwapigisha simu mwezi uliopita. Mmoja aliimba mu telefone, mwingine akamkatiza: "Hapana, kaka, haikuwa hivyo."

Tunataka kuwakutanisha kabla ya mvua kuanza, kwani njia ya Ruashi inaharibika. Itakuwa siku ya Mungu ya pili ya mwezi ujao, nyuma ya nyumba tunamofanyia mikutano, baada ya misa. Njoo mapema, mzee wa Katuba saa nane analala na haamshwi. Lete mtoto mmoja, na kiti chako.